Jinsi ya Kujitambulisha Katika Usaili wa Kazi ya Sheria: Mwongozo Kamili

Swali la kwanza katika usaili wa mwanasheria karibu kila mara ni lile lile: "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe." Wengi hulichukulia kama sehemu ya salamu, wakalijibu kwa kusimulia wasifu wao kuanzia shule ya msingi hadi cheti cha mwisho, ilhali kila mjumbe wa jopo ana nakala ya wasifu huo mezani. Katika fani nyingine jibu la namna hiyo huchosha tu. Kwa mwanasheria linadhuru zaidi, kwa sababu katika dakika mbili hizo anapimwa kwa kazi ileile anayoiomba: kuchagua hoja za msingi kati ya maelezo mengi, kuzipanga, kuzithibitisha, kutosema kisichopaswa kusemwa, na kunyamaza hoja inapokamilika. Anayekusikiliza anajiuliza kama hivyo ndivyo utakavyolieleza jambo la mteja wake mbele ya jaji au mbele ya bodi ya wakurugenzi.

Kwa hiyo utambulisho unaandaliwa kama maandalizi ya shauri, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo.

Hatua ya kwanza: soma tangazo la kazi kama unavyosoma hati ya madai

Mwanasheria anapopokea hati ya madai haisomi ili aijue hadithi. Anaisoma ili abaini mambo yanayobishaniwa. Lichukue tangazo la kazi kwa jicho hilo hilo na upigie mstari kila kitenzi: kuandaa, kupitia, kushauri, kuwakilisha, kusimamia. Vitenzi ndivyo vinavyoonyesha kazi ya kila siku itakavyokuwa. Sifa kama "mchapakazi" na "mwenye kujituma" zimo katika matangazo yote, na hazikuelezi lolote kuhusu mwajiri huyu. Ukishamaliza, jiulize ni upungufu gani uliomfanya atafute mtu wakati huu, kisha andika jibu lako katika sentensi moja.

Waajiri wa wanasheria hawatafuti kitu kimoja. Kampuni ya mawakili inayoendesha mashauri inataka kujua kama unaweza kusimama mahakamani, kuwasilisha nyaraka kabla ya muda wa ukomo kupita, na kuketi na mteja aliyejawa na hofu bila kumwahidi usichoweza kumpatia. Idara ya sheria ya benki au ya kiwanda inamtaka mtu anayeielewa biashara, anayeweza kumjibu meneja wa mauzo kwa aya moja iliyo wazi badala ya maoni ya kisheria ya kurasa kumi. Ofisi ya mashtaka itakupima busara yako juu ya ushahidi, ikiwa ni pamoja na ujasiri wa kusema kwamba jalada fulani halijatosheleza kufikishwa mahakamani. Shirika la msaada wa kisheria litatazama kama unaweza kumfafanulia haki zake mtu ambaye hajawahi kushika kitabu cha sheria, huku majalada mengine mengi yakikusubiri. Historia yako ni moja, lakini mbele ya waajiri hawa wanne utahitaji utambulisho wa aina nne.

Hatua ya pili: teua dai moja na ulithibitishe

Utambulisho unaokumbukwa una dai moja tu kuhusu mzungumzaji. "Mimi ni mwanasheria mwenye uzoefu mpana" si dai, kwa kuwa haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. "Nimejikita katika migogoro ya ajira, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuimaliza kwa upatanishi kabla haijafika mahakamani" ni dai, kwa sababu msikilizaji anaweza kuuliza ushahidi wake na wewe ukautoa. Kipimo chepesi ni hiki: kama mwombaji mwenzako aliyeketi nje akisubiri zamu yake anaweza kuitamka sentensi hiyo bila kubadilisha neno, sentensi hiyo bado si yako.

Dai likishapatikana, litafutie thibitisho mbili kutoka katika kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Tatu zinaruhusiwa, lakini ya tatu mara nyingi huongezwa kwa woga, na msikilizaji huanza kusahau ya kwanza. Kila thibitisho iseme ilikuwa kazi ya aina gani, wewe ulifanya nini ndani yake, na kilichotokea baadaye. Mambo mengine yote mazuri uliyowahi kuyafanya yabaki kwenye wasifu. Maswali yatakapokuja utapata nafasi ya kuyaeleza.

Hatua ya tatu: anzia ulipo sasa

Simulizi ya maisha huanza mwanzo, nao utambulisho wa kazi huanza na leo. Sema unafanya nini sasa, rudi nyuma kidogo kueleza kilichokufikisha hapo, kisha malizia na sababu ya kuitaka nafasi hii. Mpangilio huu unafaa kwa sababu msikilizaji hupata jambo analolihitaji zaidi akiwa bado makini, na kila unaloliongeza baada ya hapo linapata mahali pa kukaa.

Tazama kwanza namna inayodhoofisha, ambayo wasailiwa wengi huianza baada tu ya kutaja majina yao: "Tangu nikiwa mdogo nilipenda sana sheria kwa sababu nachukia dhuluma. Nilimaliza sekondari na kufaulu vizuri, nikajiunga na chuo kikuu, nikasoma shahada ya kwanza ya sheria kwa miaka kadhaa, kisha nikafanya mafunzo kwa vitendo, baadaye nikaajiriwa, na nina uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu na kwa usimamizi mdogo." Hakuna uongo hata mmoja hapo, wala hakuna kitu ambacho jopo halikukijua kabla hujaingia.

Sasa mfikirie wakili wa miaka mitano anayeomba kazi katika idara ya sheria ya kampuni ya biashara. Akishataja jina lake anaweza kusema hivi: "Ni wakili, na kwa miaka mitano nimefanya kazi katika kampuni ya mawakili, hasa upande wa mikataba ya ujenzi. Kwa sasa napitia mikataba ya wakandarasi wadogo kwa niaba ya mteja mmoja mwenye miradi kadhaa kwa wakati mmoja. Nilimwandalia mkataba wa kielelezo ambao watumishi wake wanautumia wenyewe, na sasa wanatuletea ile tu iliyo na masharti yasiyo ya kawaida. Kabla ya hapo niliendesha mashauri ya madai kwa miaka miwili, na huko nilijifunza ni vifungu gani vya mkataba hushindwa kusimama vinapofika mbele ya jaji. Tangazo lenu linaonyesha kwamba mnaanzisha kitengo cha mikataba ya ugavi. Nimeiomba nafasi hii kwa sababu nataka kushiriki tangu mkataba unapojadiliwa, badala ya kuitwa mgogoro ukiwa umekwisha kuanza."

Angalia kazi iliyofanywa na kila sehemu. Sentensi ya kwanza inamweka mahali pake. Ya pili na ya tatu zinatoa thibitisho yenye matokeo yanayoonekana, tena matokeo ambayo meneja asiye mwanasheria anayaelewa. Miaka ya mahakamani, ambayo ingeweza kuonekana kuwa haihusiani na nafasi hii, imegeuzwa kuwa sababu ya kumwajiri. Mwisho umeshikamana na tangazo lenyewe, hivyo hauwezi kuhamishiwa kwa mwajiri mwingine. Shule haikutajwa kabisa, na hilo ni sahihi kwa mtu mwenye miaka mitano kazini.

Mhitimu mpya hana miaka hiyo, na hapaswi kujifanya anayo. Alichonacho ni kazi ya kliniki ya sheria ya chuo, mafunzo kwa vitendo, utafiti wa tasnifu, au mashindano ya mahakama ya mfano. Kosa la kawaida ni kuvitaja vyote kwa haraka kama orodha. Ni afadhali kuchagua kimoja na kukisogeza karibu: "Katika kliniki ya sheria ya chuo nilikuwa nikisikiliza watu wenye migogoro ya upangaji. Nilijifunza kwamba mtu huanza kueleza kilichomuumiza zaidi, wala si kile chenye uzito kisheria, kwa hiyo nikawa naandika mtiririko wa matukio kwa tarehe pamoja naye, kisha naandaa rasimu ya barua ya madai ambayo wakili msimamizi aliipitia kabla ya kutumwa." Mhitimu huyu ameonyesha kwamba anajua kusikiliza, anajua kupanga ushahidi, na anaitambua mipaka ya mamlaka yake.

Kuhusu mipaka hiyo, eleza hadhi yako ya kitaaluma kwa usahihi kamili. Kama hujaapishwa au jina lako halijaingizwa kwenye orodha ya mawakili, sema wewe ni mhitimu wa sheria na utaje hatua uliyofikia. Mwajiri anaweza kulihakiki jambo hili kwa muda mfupi, na katika nchi nyingi kujiita wakili bila kuwa na idhini ni kosa kisheria.

Hatua ya nne: eleza kazi yako bila kufichua siri ya mteja

Hapa ndipo utambulisho wa mwanasheria unapotofautiana kabisa na ule wa mhandisi au mhasibu, na hapa ndipo wasailiwa hodari huanguka bila kujua. Ili dai lako liaminike unahitaji mifano halisi. Mifano halisi ni ya wateja. Na siri za wateja si mali yako. Kanuni za Msingi kuhusu Wajibu wa Mawakili, zilizopitishwa katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana mwaka 1990, zinazitaka serikali ziheshimu usiri wa mawasiliano kati ya wakili na mteja wake. Kanuni za maadili za nchi nyingi huuweka wajibu huo juu ya wakili mwenyewe, na kwa kawaida hauishi shauri linapofungwa wala wakili anapohama ofisi.

Wengi hujitetea kwamba shauri lilisikilizwa hadharani, au kwamba hawakutaja jina. Hoja zote mbili ni dhaifu kuliko zinavyoonekana. Mwaka 2018 Chama cha Wanasheria cha Marekani kilitoa maoni ya kimaadili kuhusu mawakili wanaoandika na kuzungumza hadharani juu ya kazi zao. Kilieleza kwamba taarifa za mteja hazipotezi ulinzi kwa sababu tu zimo katika kumbukumbu za umma, na kwamba kulifanya tukio liwe mfano wa kubuni hakumwokoi wakili iwapo msikilizaji ana nafasi ya kuridhisha ya kumtambua mteja. Sheria ya mahali unapofanyia kazi inaweza kutofautiana katika undani, kwa hiyo isome kabla ya usaili. Lakini kama mwongozo wa tahadhari, msimamo huo unafaa popote.

Namna ya kufanya ni hii. Liandike tukio lote jinsi unavyolikumbuka, kisha ondoa kimoja baada ya kingine: jina, mahali, kiasi cha fedha, tarehe, cheo, na jambo lolote la pekee ambalo magazeti yangelitaja. "Nilimtetea mkurugenzi wa benki aliyesimamishwa kazi baada ya ule ukaguzi" halina jina ndani yake, lakini kila aliye chumbani amekwisha kumjua. "Nilimwakilisha kiongozi wa taasisi ya fedha katika mgogoro wa kusitishwa ajira, na hoja kuu ilikuwa kama alipewa nafasi ya kusikilizwa" inabakiza kile ambacho jopo linakihitaji, yaani aina ya kazi, uzito wake na hoja ya kisheria. Kama baada ya kuondoa hayo yote mfano umebaki bila nyama, tafuta mfano mwingine.

Jopo linaweza kukusukuma. Mjumbe mmoja atauliza kwa upole, "Mteja huyo alikuwa nani?" Huenda ni udadisi, huenda ni mtihani. Jibu lako liwe lile lile katika hali zote mbili, tena bila ukali: "Naomba nisimtaje mteja, ila naweza kueleza hoja iliyokuwepo na namna nilivyoishughulikia." Mwajiri makini anapolisikia jibu hilo anaelewa kwamba hata siri zake zitakuwa salama siku utakapokaa kwenye usaili mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo, usibebe mkataba au hati ya mahakama uliyoiandikia ofisi uliyopo ili kuonyesha umahiri wako. Ukiombwa sampuli ya maandishi, toa iliyochapishwa kwa jina lako, au iliyopata kibali cha ofisi baada ya kuondolewa kila kitambulisho.

Uchunguzi wa mgongano wa maslahi ni jambo jingine, na usilichanganye na utambulisho. Kampuni inayokaribia kukuajiri itataka kujua kama umewahi kuwawakilisha watu wanaopingana na wateja wake. Kanuni za mfano za maadili ya mawakili za Marekani, kwa marekebisho ya mwaka 2012, zinaruhusu ufichuzi mdogo kwa lengo hilo, mradi haugusi faragha ya mawasiliano ya mteja wala kumdhuru. Maelezo yake yanasema kwa kawaida ufichuzi huo uishie kwenye majina ya wahusika, muhtasari mfupi wa jambo lenyewe na kama limekwisha, tena ufanyike pale mazungumzo ya ajira yanapokuwa yamefika mbali. Dakika ya pili ya usaili haijafika huko.

Hatua ya tano: pima uzito wa vitenzi vyako

Niliongoza, niliandaa, nilisaidia, nilihudhuria. Kila kimoja kina uzito wake, na wanasheria wenzako wanaujua. Kumbukumbu za mahakama huonyesha nani alisimama kwa niaba ya nani, na hati huonyesha nani alitia saini. Kama uliandika rasimu ya hoja za rufaa na mwandamizi wako akaziwasilisha, sema hivyo hivyo, kwa kuwa ni kazi yenye heshima: "Niliandika rasimu ya hoja mbili kati ya nne za rufaa, wakili mwandamizi alizipitia na kuziwasilisha." Usahihi wa namna hii unashawishi kuliko kujikweza.

Jihadhari pia na majigambo ya ushindi. Anayesema hajawahi kushindwa kesi anawafanya wasaili wafikirie kwamba amechagua kesi rahisi, au kwamba amekaa kazini muda mfupi. Tena matokeo ya shauri hutegemea ushahidi na sheria, na kwa kiasi fulani tu umahiri wa wakili. Eleza ulichokifanya wewe: shahidi uliyemwandaa, pingamizi la awali uliloligundua, masharti ya suluhu uliyoyaandika.

Mambo magumu kwenye wasifu

Pengo la mwaka mmoja, ajira ya miezi michache, mtihani wa uwakili uliorudiwa: je, vitajwe? Maoni yangu ni kwamba jambo linaloonekana wazi kwenye karatasi na ambalo jopo litalifikiria muda wote lipewe sentensi moja tulivu katikati ya utambulisho, kisha uendelee. "Mwaka juzi nilisimama kazi kumuuguza mzazi, na nikarudi katika mashauri ya ardhi mwanzoni mwa mwaka uliofuata" inatosha. Ambalo halionekani lisubiri swali, na swali likija lijibiwe kwa ukweli.

Anayehama kutoka upande wa mashtaka kwenda utetezi, au kutoka kwa waajiri kwenda kwa wafanyakazi, ana kazi ya ziada kidogo. Asiwaseme vibaya aliowatumikia, wala asidokeze kwamba anakuja na siri zao. Kusema "najua namna jalada la jinai linavyojengwa hatua kwa hatua" ni kueleza ujuzi. Kusema "najua udhaifu wa ofisi ile" ni kuonyesha kwamba hata ofisi hii haitakuwa salama.

Hatua ya sita: fanya mazoezi kwa sauti

Usikariri. Andika utambulisho mzima mara moja ili uone urefu wake, kisha ubakize maneno matano au sita ya kukumbusha, na uzungumze kutokana na hayo. Jirekodi kwa simu na utazame saa: lenga dakika moja na nusu, na usivuke mbili. Unaposikiliza, tafuta sentensi zinazosikika kama hati, zenye "kwa mujibu wa" na "hivyo basi" nyingi. Lugha ya hati haifai mdomoni. Halafu msomee mtu asiye mwanasheria na umwombe akueleze unafanya kazi gani. Asipoweza, tatizo liko kwenye maelezo yako.

Zoea kukatizwa. Mwambie rafiki akukatize katikati ya sentensi kwa swali, ulijibu, kisha urudi mahali ulipoishia bila kuanza upya. Jaji hufanya hivyo kila siku, na wajumbe wa jopo ambao wamewahi kuwa mahakamani hufanya hivyo kwa makusudi. Katika usaili wa kwa njia ya video, kata dakika yako kidogo zaidi, tazama kamera badala ya picha yako mwenyewe, na usisome kwenye kioo, kwani macho yanayotembea kutoka kushoto kwenda kulia huonekana mara moja.

Ukimaliza sentensi ya mwisho, nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kuongeza "labda niseme pia…" kwa sababu ukimya wa sekunde mbili unawatisha. Ukimya huo ni wa wasaili; wanaandika.

Hatua ya saba: jihoji mwenyewe

Kazi ya mwisho inafanyika siku moja au mbili kabla. Chukua karatasi, andika kila sentensi ya utambulisho wako, na chini yake andika maswali matatu ambayo wakili wa upande wa pili angekuuliza akikudodosa. Umesema mkataba wa kielelezo ulipunguza kazi: ulipima vipi? Umesema vifungu hushindwa mahakamani: vipi, na kwa sababu gani kisheria? Umesema unapendelea upatanishi: ni lini uliona haufai? Sentensi usiyoweza kuitetea kwa majibu yasiyopungua mawili, iondoe. Kama umetaja eneo la sheria, pitia mabadiliko ya karibuni ya sheria hiyo na uamuzi mmoja au miwili ya mahakama ya juu kabisa kuhusu eneo hilo. Swali la pili la usaili, mara nyingi, hutolewa moja kwa moja kutoka katika jibu lako la kwanza.